SOMO LA MWEZI: SUKARI INAPOSHIKA ZAMU YA MAJI



Katika masomo yaliyopita tulizungumza juu ya mkataba wa kazi, malipo ya saa za ziada na ajali za mashine. Safari hii tunazungumza juu ya sukari, wala si bei yake. Tunawaomba mvumilie hadi mwisho. Somo hili lilizaliwa kazini, katika shauri la mishahara iliyokatwa, na linaishia katika chumba cha chanjo wanakopelekwa watoto wetu. Sisi tunaoliandika hatukusoma zaidi ya shule ya msingi. Tuliyoyaandika tumeyauliza kwa wanaojua, na pale ilipowezekana tumeyajaribu wenyewe kwa vikombe na maji.

1. SHAURI LA MKATE ULIOKATAA KUUMUKA

Kiwanda kimoja cha mikate hapa Juba, ambacho hatutakitaja jina, kilizoea kutumia hamira laini inayochanganywa moja kwa moja na unga wa ngano. Siku moja hamira hiyo ikaadimika sokoni. Mwenye kiwanda akanunua makopo ya hamira ya aina nyingine, ya punje kavu zinazofanana na mbegu za wimbi. Maandishi ya kopo yalikuwa kwa lugha ambayo hakuna mkandaji hata mmoja aliyeijua.

Ilikuwa miezi ya joto, na joto la Juba mnalijua: mwezi Machi 2024 serikali ilifunga shule kwa kuhofia joto la kufikia digrii 45. Mnyapara akaamuru donge likandwe kwa maji ya barafu, lisije likachachuka kabla ya kufika tanurini. Amri hiyo peke yake haikuwa na kosa, maana waoka mikate wengi wa nchi za joto hufanya hivyo. Lakini mkandaji wa zamu ya usiku, ambaye hakuambiwa lolote juu ya hamira mpya, aliimimina ile hamira kavu moja kwa moja katika ndoo ya maji ya barafu. Alfajiri donge lilikuwa limelala kama tope, linanata mikononi, wala halikuumuka. Magunia mawili ya unga yakaharibika. Mwenye kiwanda akasema huo ni uzembe, akakata mishahara ya watu watatu.

Tulipoitwa, swali letu la kwanza lilikuwa hili: je, hamira ilikuwa mbovu tangu dukani? Jibu tulilipata getini. Mama mmoja anayeuza mandazi pale alichukua kijiko kimoja kutoka kopo lile lile, akakitia katika kikombe cha maji ya uvuguvugu kama alivyozoea, na baada ya dakika kumi hivi povu lilikuwa limepanda. Kopo ni moja na hamira ni moja. Ya mama ilikuwa hai, na ya kiwandani ilikuwa imekufa. Ni nini kilichoiua? Kutafuta jibu hilo ndiko kulikotufikisha kwenye sukari.

2. HAMIRA NI KITU CHENYE UHAI

Wengi wetu tunaiona hamira kama chumvi au magadi, yaani unga tu. Sivyo. Hamira ni jamii ya uyoga mdogo sana usioonekana kwa macho. Kila kimoja ni chembe hai inayojitegemea: inakula, inapumua, inazaana. Katika gramu moja ya hamira kavu mna chembe hai mabilioni. Zinapokula sukari iliyo ndani ya donge hutoa hewa, na hewa hiyo ndiyo inayoumua mkate.

Kila chembe hai, iwe ya hamira, ya mtama, ya ng'ombe au ya mwanadamu, imefunikwa na utando mwembamba. Utando huo ni ukuta na ni mlango pia. Unazuia vilivyo ndani visimwagike, unaruhusu chakula kiingie na uchafu utoke. Ukipasuka, chembe imekwisha.

Utando huo umejengwa kwa mafuta. Vijipande vyake vimesimama safu mbili, vichwa nje na mikia ndani, kama watu waliosimama mistari miwili wakipeana mgongo. Vichwa vinapenda maji, mikia inayachukia. Maji yaliyo pande zote mbili ndiyo yanayoushikilia utando usimame ulivyo. Maji hujipenyeza kati ya kichwa na kichwa, yakaviacha na nafasi, na kwa sababu ya nafasi hiyo mafuta yanabaki laini.

3. MAJI YANAPOONDOKA

Sasa tuseme chembe hai inakaushwa. Maji yanatoka katikati ya vile vichwa. Vichwa vinasogeleana na kubanana, na mikia nayo inabanana. Mafuta yaliyokuwa laini yanakuwa magumu, kama mafuta ya ng'ombe yanavyoganda sufuriani usiku wa baridi. Tando za chembe mbili zilizokaribiana huweza kugandana zikawa moja. Mambo mengine ya ndani, hasa protini zinazofanya kazi zote za chembe, hujikunja vibaya zikapoteza umbo lake.

Maji yakirudi ghafla, utando ule mgumu unalazimika kulainika tena, na wakati wa kugeuka huko unavuja. Vilivyomo vinamwagika nje. Mara nyingi chembe haifi kwa ukavu wenyewe. Inakufa maji yanaporudi.

Ninyi mnaofanya kazi kwa zamu mtalielewa jambo hili upesi. Mashine inaweza kwenda salama usiku kucha, na mchana kutwa pia. Ajali hutokea wakati wa kukabidhiana, pale huyu ameondoka kabla yule hajashika usukani. Lishikeni neno hilo, kwa maana tutalirudia hadi mwisho wa somo.

4. SUKARI INASHIKA ZAMU

Hapo ndipo sukari inapoingia. Sukari inayeyuka katika maji kwa sababu umbo lake linashikana na maji kwa urahisi. Na kwa kuwa inajua kushikana na maji, inajua pia kushikana na vile vichwa vya mafuta vilivyozoea kushikwa na maji. Maji yanapoondoka, sukari inaingia katikati ya vichwa na kusimama pale pale yalipokuwa maji. Nafasi inabaki. Mafuta hayabanani, na utando unabaki laini ingawa umekauka. Jambo hili lilifanyiwa utafiti mkubwa miaka ya 1980 na John Crowe na Lois Crowe wa Chuo Kikuu cha California, Davis, huko Marekani.

Sukari ina kazi ya pili. Chukueni peremende ngumu ile ya kumung'unya. Ni sukari iliyopoteza maji karibu yote, lakini haikufanya punje kama sukari ya kopo. Imekuwa kama kioo: ngumu, angavu, haina kinachotembea ndani yake. Ndani ya chembe iliyokaushwa vizuri sukari inafanya vivyo hivyo. Inakuwa kioo kinachofunga kila kitu mahali pake, na kuharibika kunakwenda polepole mno. Lakini mnajua peremende ikiachwa wazi siku ya mvua inavyokuwa: inalainika, inanata. Kioo kimeyeyuka, na ulinzi umekwenda nacho. Ndiyo maana kopo la hamira likishafunguliwa lifungwe vizuri na kuwekwa mahali pakavu na penye ubaridi. Unyevu kidogo wa hewa ya masika unatosha kuiharibu.

Si kila sukari inaifanya kazi hii sawasawa. Sukari ya miwa ni mlinzi mzuri, nayo ndiyo inayotumiwa na mimea mingi. Hamira, uyoga na wadudu wengi hutumia nyingine iitwayo trehalosi. Katika hamira kavu iliyo nzuri, trehalosi huweza kufikia sehemu 10 hadi 15 katika kila 100 za uzito wake. Hamira inajitengenezea yenyewe, inapoona taabu inakuja.

Kuna sharti moja kubwa. Sukari ikikaa upande mmoja tu wa utando haitoshi. Ni lazima iwe nje na iwe ndani. Sisi wa chama jambo hili halikutushangaza. Mlinzi wa getini hawezi kuuzima moto uliowaka ndani ya ghala. Ndiyo sababu ukichukua damu ya mtu ukaitia sukari na kuianika juani hutapata damu kavu iliyo hai. Chembe zetu hazina njia ya kuijaza trehalosi ndani yake.

Tusichanganye mambo pia. Sukari ndani ya chupa ya jamu inalinda matunda kwa kuvinyonya maji vijidudu vya kuozesha visipate kuishi. Sukari ndani ya donge ni chakula cha hamira. Hizo ni kazi nyingine. Hapa tunazungumza juu ya sukari inayosimama mahali pa maji ili kitu hai kikauke na kisife.

5. MDUDU WA MAJABALINI, MBEGU YA MTAMA NA KOKWA LA EMBE

Walimu wa kwanza wa kazi hii hawako maabara. Wako hapa kwetu.

Mwaka 1951 mtaalamu wa wadudu wa Uingereza aitwaye Hinton alieleza habari za mdudu mmoja wa Afrika, aliyeonekana Uganda na kaskazini ya Nigeria. Ni jamii ya visubi wasiouma. Viluwiluwi vyake huishi katika vidimbwi vidogo juu ya majabali, vinavyojaa mvua ikinyesha na kukauka jua likiwaka. Kidimbwi kikikauka, kiluwiluwi nacho kinakauka mpaka kinabaki kama kipande cha jani kikavu. Kinaweza kukaa hivyo miaka. Mvua ikirudi, katika muda wa saa moja hivi kinaanza kujinyonganyonga na kuogelea. Watafiti wa Japani waligundua baadaye kwamba kinapokauka kinajijaza trehalosi, hata ikawa karibu moja ya tano ya uzito wake mkavu. Lakini sikilizeni: kinahitaji muda wa siku mbili hivi kuitengeneza. Kikikaushwa haraka, kinakufa. Kinachokiokoa ni maandalizi.

Sasa tuje shambani. Mtama wetu mkianika vizuri na kuuweka ghalani pasipo unyevu, msimu ujao unapandwa na unaota. Kokwa la embe je? Maembe yamejaa hapa Juba, kando ya Mto Nili na katika nyua zetu. Anikeni kokwa la embe juani mpaka likauke kabisa, kisha mlipande. Halioti. Ndugu zetu wa mashamba ya chai huko Kenya na Uganda wanalijua jambo hili pia: mbegu ya chai ikikauka imekufa, ni lazima ipandwe mapema ikiwa bado na maji yake.

Kwa nini? Mbegu ya mtama, ikiwa bado kichwani kwenye bua, inajiandaa kwa ukavu. Inajiwekea sukari ya miwa na sukari nyingine za ukoo wake, pamoja na protini maalumu za ulinzi, kisha ndipo inaachia maji polepole. Embe na chai ni miti ya nchi za mvua, ambako mbegu huanguka kwenye ardhi yenye unyevu na kuota mara moja. Mbegu zake hazikuzoea kujiandaa kwa ukavu. Kwa hiyo tusiseme sukari peke yake inatosha. Sukari ni mlinzi mkuu, lakini ana wenzake, na wote wanahitaji kupewa muda wa kujipanga.

6. BARAFU NAYO NI UKAVU

Mtu atauliza: kugandisha kunahusianaje na kukausha? Kitu kikiganda si kimejaa maji?

Maji yamo, lakini yamefungwa. Barafu huanza nje ya chembe. Inapojijenga inachukua maji matupu na kuiacha chumvi nyuma, na maji kidogo yaliyobaki yanakuwa machumvi makali. Machumvi hayo yanayavuta maji ya ndani ya chembe yatoke. Kwa hiyo chembe iliyo katika barafu inakauka kama iliyo juani, na juu ya hayo inaweza kuchomwa na ncha za barafu yenyewe. Sukari inasaidia kwa njia ile ile: inapunguza barafu, inashika vichwa vya mafuta, inafanya kioo mahali ambapo pangekuwa na ncha kali.

Mwaka 1949, huko Uingereza, watafiti Polge, Smith na Parkes walikuwa wakijaribu kugandisha mbegu za jogoo kwa kutumia sukari ya matunda. Ilishindikana. Baada ya miezi wakachukua tena chupa ile ile, na safari hii mbegu zikafufuka. Walipoipima dawa wakakuta si sukari. Vibandiko vya chupa vilikuwa vimechanganyika, na ndani mlikuwa na gliseroli pamoja na ute wa yai. Gliseroli ni kimiminiko kitamu, jamaa wa sukari, lakini chenyewe kinaweza kupenya utando na kuingia ndani ya chembe. Kutokana na kosa hilo ilianza kazi ya kuhifadhi mbegu za madume bora ya ng'ombe katika baridi ya digrii 196 chini ya sifuri, inayofanywa leo Kabete nchini Kenya na Entebbe nchini Uganda. Sisi tunaongeza neno letu: wao walikosea kibandiko wakapata sifa. Mfanyakazi wa kiwandani akikosea kibandiko anaweza kupoteza macho. Someni vibandiko, na msivyoweza kuvisoma daini visomwe kwa lugha yenu.

7. CHANJO: ZAMU INAPOKABIDHIWA VIBAYA

Sasa tumefika mahali ambapo somo hili linagusa roho za watu.

Chanjo ya surua ni virusi hai vilivyodhoofishwa. Virusi hivyo navyo vina utando wa mafuta. Vikiachwa katika maji kwenye joto letu vinakufa upesi. Kwa hiyo kiwandani vinachanganywa na walinzi, kama vile sorbitoli ambayo ni jamaa wa sukari, na protini za jelatini. Katika chanjo nyingine huwekwa sukari ya miwa au sukari ya maziwa. Kisha mchanganyiko unagandishwa, na hewa inanyonywa hadi barafu inageuka mvuke bila kupitia maji. Kinachobaki ni kidonge kikavu ndani ya chupa iliyozibwa.

Kazi ya namna hii ndiyo iliyoishinda ndui. Chanjo ya zamani ya majimaji ilikuwa ikiharibika upesi katika nchi za joto. Miaka ya 1950, Leslie Collier wa London alipata njia ya kuikausha kwa wingi. Mlinzi wake alikuwa peptoni, yaani vipande vya protini, si sukari, lakini kazi ilikuwa ile ile. Mtu wa mwisho duniani kuugua ndui kwa kuambukizwa kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Merka, Somalia, mwezi Oktoba 1977. Alipona, na baadaye alifanya kazi ya kuhimiza watu wachanje watoto dhidi ya polio.

Upande wa barafu nao tunaujua kwa uchungu. Mwaka 1976, wagonjwa wa kwanza waliojulikana wa Ebola katika nchi yetu walikuwa wafanyakazi wa kiwanda cha pamba cha Nzara. Katika mlipuko ule watu 284 waliugua na 151 wakafa. Chanjo ya Ebola iliyopewa wahudumu wa afya hapa Sudan Kusini mwanzoni mwa 2019, ambayo ni ya aina ya Zaire na si ile aina iliyotokea Nzara, ni lazima ihifadhiwe katika baridi ya digrii 60 hadi 80 chini ya sifuri. Fikirini maana yake katika mji ambao umeme wake tunaujua. Chanjo kavu ya surua hushindana na joto kwa kiasi chake: imetengenezwa iweze kubaki na nguvu ya kutosha hata ikikaa juma moja katika digrii 37, ingawa sheria ni kuiweka kati ya digrii 2 na 8. Tofauti hiyo kubwa imeletwa na ukavu na walinzi wake.

Lakini mhudumu akishatia maji katika ile chupa, zamu imebadilika. Walinzi wameyeyuka, kioo kimekwisha. Chanjo iliyochanganywa, ikiwekwa katika joto la digrii 37, hupoteza karibu nguvu zake zote katika saa moja. Tena haina dawa ya kuua vijidudu vinavyoweza kuingia. Kwa sababu hiyo maji ya kuchanganyia yawe yamepozwa, chupa ikae kwenye ubaridi, na ikifika saa sita tangu kuchanganywa, au mwisho wa kazi ya siku ile, lolote linalotangulia, iliyobaki itupwe.

Haya hatuyasemi kwa kutisha watu. Mwezi Mei 2017, katika kijiji cha Nachodokopele, Kapoeta, watoto 15, wote chini ya miaka mitano, walikufa baada ya kupewa chanjo ya surua. Uchunguzi uliotangazwa na Wizara ya Afya ulieleza kwamba bomba moja la kuchanganyia lilitumiwa tena na tena kwa siku zote nne za kazi, badala ya kutupwa kila mara, na chanjo ilikaa siku hizo mahali pasipo na ubaridi. Waliopewa kazi hawakufundishwa wala kusimamiwa ipasavyo. Chanjo yenyewe haikuwa na kosa. Vijidudu viliingia maji yaliporudi, pale ambapo hakuna aliyekuwa amesimama zamu.

Tunaomba tueleweke. Surua inaua watoto wetu, na chanjo ndiyo kinga yake. Mpelekeni kila mtoto anapotimiza miezi tisa, na mmrudishe kwa chanjo ya pili. Lakini mzazi ana haki ya kuuliza, na mhudumu mwema hachukii kuulizwa.

8. TULIVYOMALIZA SHAURI

Tulirudi kwa mwenye kiwanda na vikombe viwili. Mbele yake tukatia hamira ya kopo lake, kijiko kimoja kila kikombe. Kimoja kilikuwa na maji ya uvuguvugu, ambayo kidole kinastahimili, kama digrii 40. Cha pili kilikuwa na maji ya barafu. Tukasubiri robo saa. Kimoja kilipanda povu hadi ukingoni. Cha pili kilibaki maji machafu. Tukakitoa kwenye barafu, tukakiacha kipate joto la chumba, na bado hakikuja kitu cha maana.

Tukamweleza kama tulivyowaeleza ninyi. Hamira kavu inalindwa na sukari yake, lakini maji yanaporudi utando unavuja kwa muda mfupi. Katika maji ya uvuguvugu mafuta ni laini, na utando unajifunga upesi. Katika maji ya barafu mafuta ni magumu, unachelewa kujifunga, na vilivyo ndani vinamwagika. Hivyo vilivyomwagika ndivyo vilivyolegeza donge likawa tope. Barafu ingetiwa baadaye, hamira ikiwa imekwisha kuamka na kuchanganywa na unga, isingedhuru.

Hakuna aliyewaambia wale watu watatu habari hizi. Hakuna aliyewasomea kopo. Je, uzembe ulikuwa wa nani?

Mishahara ilirudishwa mwisho wa mwezi. Tulidai pia maelezo ya kila kopo jipya yaandikwe ukutani kwa Kiarabu cha Juba na kwa Kiswahili, kwa ajili ya wengi wenu mliojifunza lugha hii Kakuma, Kampala au Bunia. Hilo nalo lilikubaliwa, na karatasi ipo ukutani.

MAMBO YA KUSHIKA

(a) Hamira ya punje kavu iamshwe kwanza katika maji ya uvuguvugu. Maji ya barafu huiua, na maji ya moto huiua pia.

(b) Kopo lililofunguliwa lifungwe lisipate unyevu.

(c) Mbegu ya mtama ikauke kabisa kabla ya ghala. Kokwa la embe lisikaushwe kabisa, lipandwe mapema.

(d) Kwenye chupa ya chanjo kuna alama ya mraba ndani ya duara. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, joto halijaiharibu. Ukiwa na rangi sawa na duara au umekoza zaidi, chupa hiyo isitumike.

(e) Chupa ya surua iliyochanganywa mwisho wake ni saa sita. Bomba na sindano ni vya matumizi ya mara moja tu.

(f) Chanjo ya pepopunda, ambayo watu wa mashamba tunaihitaji sana kwa sababu ya panga na misumari, ni ya majimaji na huharibika ikiganda. Isigusane na barafu.

MASWALI YA KUJADILI TAWINI

1. Katika kazi yenu, ni kitu gani kinachoharibika wakati wa kukabidhiana zamu? Nani huandika yaliyotokea usiku?

2. Ni dawa, hamira au mbolea gani mnazotumia ambazo maandishi yake hamwezi kuyasoma? Zileteni kwa katibu wa tawi zisomwe.

3. Katika zahanati ya eneo lenu, ubaridi wa chanjo unatoka wapi umeme ukikatika? Nani anayelipia mafuta ya jenereta, na akikosa anamwambia nani?

Leteni majibu katika mkutano wa mwezi ujao. Na mkienda, leteni pia kokwa moja la embe bichi na moja lililokauka. Tutayapanda pamoja uani pa ofisi tuone lipi litakaloota.

Umoja ni nguvu.